Kutu Chini ya Mafuta

Fundi saa hakupiga simu polisi kwa kupenda. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushee, na maishani mwake aliwahi kuingia kituoni mara moja tu, kuripoti baiskeli iliyoibwa, ambayo mpaka leo hajaiona hata kengele yake. Lakini jana, alipokuwa akitandika gazeti kuukuu juu ya meza yake ya kazi kama afanyavyo kila Jumatatu, alikutana uso kwa uso na saa anayoijua. Picha ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Juu yake maneno manene yalisema: SAA YA MAREHEMU YAMFICHUA MUUAJI. Aliisoma habari yote mpaka mstari wa mwisho, akakaa kitako kwa muda, kisha akaomba namba ya polisi kwa jirani yake anayeuza viatu.

"Wameandika uongo," alimwambia mwanamke aliyekuja. "Hiyo saa haikumfichua mtu. Hiyo saa ilikuwa imekufa zamani."

Mwanamke mwenyewe alikuwa inspekta wa upelelezi. Kituoni walimwita Bi Nukta, na si kwa kumcheka. Maelezo aliyoyaandika yeye hayakuwa na viraka wala mikia. Kila sentensi aliifunga kwa nukta nzito, hakimu akisoma hakwami popote. Kesi ya saa hiyo ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Mtu amefungwa maisha kwa kesi hiyo, na rufaa yake itasikilizwa kesho saa tatu asubuhi.

Alivuta kigoda akaketi. "Nianzie mwanzo, mzee wangu. Ililetwa na nani?"

"Bwana mmoja mnene, mcheshi, ana pete kubwa. Wiki tatu zilizopita. Alisema ni urithi."

"Shemeji wa marehemu, ndugu wa mkewe. Kesi ilipokwisha mahakama iliamuru kielelezo kirudishwe kwa familia. Sahihi ya kuitoa niliiweka mimi."

"Basi uliitoa ikiwa maiti. Saa ya bei ya nyumba, dhahabu tupu, imeungwa kwa mkono huko inakotoka. Nafungua kifuniko cha nyuma, nakuta kutu. Vyuma vyekundu kama udongo."

Bi Nukta alishusha pumzi, na usingemlaumu. Alikuwa ameacha faili kumi mezani. "Mzee wangu, hilo halinishangazi. Ilizama tangini na mwenyewe. Kisha ikakaa miaka miwili ndani ya mfuko wetu wa plastiki uliofungwa kwa lakiri, na unyevu wake humo humo. Ingekosa kutu ndipo ningeshangaa."

"Mbona mbio? Nimekwambia kutu ndiyo habari? Habari ni kilichokuwa juu ya kutu."

"Kipi?"

"Mafuta."

Mzee alichukua kibano chake, akakigonga gonga mezani akieleza. Saa kama ile hupakwa mafuta kidogo mno, tone dogo kuliko jicho la sisimizi, tena kwenye vishimo maalumu tu. Hii aliikuta imekandikwa. Mafuta yameingia kwa kitufe cha pembeni cha kujazia, yametapakaa hadi chini ya akrabu, ile mishale ya saa, yameganda yakawa kama gundi. Na chini ya gundi hiyo ndiko kulikokuwa na kutu.

"Chini, si juu," alisema. "Kwanza yaliingia maji. Kisha kutu ikala. Kisha mtu akatia mafuta. Ndipo likaja hilo tangi lenu. Sasa niambie, kwenye mfuko wenu wa lakiri huwa mnapaka vielelezo mafuta?"

Bi Nukta alitoa daftari.

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani. Nimeyanusa. Na ndani yake mlikuwa na kinyuzi cha kitambaa cha buluu, kimenata. Watu wa cherehani, mwanangu, hawajui dawa nyingine duniani. Mlango ukilia, tone la mafuta. Mkasi ukikaza, tone la mafuta. Saa ikisimama, wanavuta kitufe wanadondosha, wanaita wamesaidia. Nimeshazika saa nyingi kwa msaada huo."

"Kijiti cha kujazia kilikuwaje?"

"Kimeoza ndani. Hata ungezungusha kitufe mpaka vidole viote sugu, akrabu zisingesogea. Zilikuwa zimeganda hapo saa tisa na dakika arobaini, miezi, si dakika. Marehemu wako alikuwa anavaa pambo."

Kalamu ya Bi Nukta ilisimama. Ngoja nikueleze kwa nini, maana saa tisa na dakika arobaini ndiyo iliyobeba kesi nzima. Marehemu alikuwa mkandarasi. Siku ya mapumziko, mafundi wote wakiwa kwao, alikwenda kukagua jengo lake na shemeji yake. Ufunguo wa geti ulikuwa kwa shemeji tangu asubuhi. Saa nane kamili mlinzi wa zamu, kijana waliyemwita Mrefu, alipokea ufunguo na geti, akaambiwa bosi yuko nyuma anakagua, asisumbuliwe. Shemeji akaenda zake mjini, ambako watu ishirini walimwona hadi jioni. Saa kumi na mbili Mrefu alikwenda kuchota maji akamkuta bosi wake anaelea ndani ya tangi, kisogo kimepasuka, na saa mkononi imesimama saa tisa na dakika arobaini. Saa hiyo aliyekuwa ndani ya uzio ni Mrefu peke yake. Tena wiki moja kabla, bosi alimzaba kofi mbele ya mafundi kwa kumkuta amelala zamu. Mahakamani Mrefu aliapa kwamba siku ile hakusinzia hata kidogo. Mwendesha mashtaka akamuuliza: uko macho, hatua ishirini, mtu anapigwa na kutoswa, wewe husikii? Kijana akarudia tu kwamba hakulala. Kesi ikaisha.

Sasa toa saa hiyo. Marehemu anaweza kufa saa tano, au saa sita, au saa saba na nusu. Na kabla ya saa nane aliyekuwa naye ni mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuhitaji saa.

"Mzee wangu," alisema Bi Nukta, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "shemeji alikaa nayo muda gani kabla ya kukuletea?"

"Alisema wiki moja."

"Basi atasema mafuta aliyatia yeye, wiki hiyo hiyo."

"Wiki moja hayagandi vile! Yale yalikuwa ya miaka!"

"Nakuamini. Nionyeshe."

Fundi akaweka kibano chini.

"Nionyeshe chuma kimoja tu, chenye kutu na mafuta juu yake, nikipeleke maabara leo hii."

"Mwanangu," alisema mzee taratibu, "mimi ni fundi. Nililetewa saa mbovu nikaitengeneza. Niliifungua yote, vipande mia na kitu. Nikaviosha kwa benzini, nikavisugua kimoja kimoja kwa brashi ya manyoya. Nikatia springi mpya, kijiti kipya, magurudumu matatu, na mipira mipya ya kuzuia maji. Sasa hivi inakosea sekunde nne tu kwa siku nzima. Mwaka huu sijafanya kazi safi kama..." Akasita, akashusha macho mezani.

"Vyuma ulivyovitoa?"

"Nilimpa mwenyewe ndani ya bahasha. Ndio utaratibu wangu, mteja aone alichotolewa asije akasema nimemuibia. Aliitikisa bahasha sikioni, akacheka, akatoka akaitupa mtaroni hapo nje."

Bi Nukta alitoka. Mtaro ulikuwa mpana, na mvua za wiki mbili zilikuwa zimeufagia hadi kwenye saruji. Aliufuata akiwa ameinama, watu wakimtazama, mpaka ulipoingia chini ya barabara. Alipiga magoti akamulika kwa simu. Hakukuwa na kitu, maji tu yakipita. Aliporudi suruali yake ilikuwa imelowa magotini.

"Hukupiga picha?"

"Simu yangu ni ya kupigia na tochi."

"Kesho utakuja mahakamani?"

"Nitakuja, tena na shati la pasi."

"Watakuuliza kwa nini ulifuta ushahidi kwa mkono wako."

"Nitasema sikujua."

"Ndicho wanachotaka ukiseme," alisema Bi Nukta, akafunga daftari.

Lakini hakuwa amekata tamaa bado. Mafuta ya cherehani na kinyuzi cha buluu alijua vinatoka nyumba gani. Miaka miwili nyuma aliandika maelezo ya mjane akiwa amekaa karibu na cherehani hiyo, sakafuni kukiwa na rundo la sare za shule za buluu. Kama mjane alimtilia mumewe mafuta kwenye saa, basi anajua ilisimama lini, na neno lake lingetosha. Shemeji hawezi kusema katia yeye mbele ya dada yake.

Alimkuta mjane anashona. Kiti kilikuwa kile kile, na dirisha lile lile. Chumba cha pili mtu mzima alikuwa akikohoa.

"Karibu, dada," alisema mjane. "Mama yetu huyo, hajambo kidogo leo. Nikuletee maji?"

"Ahsante, nimekunywa." Bi Nukta aliitazama cherehani. Pembeni yake kulikuwa na kichupa cha mafuta chenye mdomo mwembamba. "Inakwenda vizuri. Unaitilia mafuta kila siku?"

"Kila asubuhi. Bila hivyo inalia."

"Na saa ya marehemu ulipoitilia, ilikubali?"

Mguu wa mjane ulisimama juu ya kanyagio. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyesikia hodi aliyoitarajia siku nyingi.

"Unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo. Ilisimama lini?"

"Nilikwambia siku ile ile."

"Hukuniambia."

"Dada, nilikwambia. Ulikaa hapo hapo ulipokaa. Mimi nalia, kamasi zinanitoka, wewe unaandika. Ukasema saa ya mume wangu imesimama saa tisa na dakika arobaini. Nikakwambia hiyo saa haitembei, ina miezi mitatu imesimama, iliingia maji alipokuwa akinawa saruji. Anaivaa kwa fahari tu, wenzake wasijue imekufa. Nikakwambia nimeitilia mafuta kwa mkono wangu ikakataa. Ukanishika bega. Ukaniambia, 'Dada, tulia. Jibu ninachokuuliza tu.'"

Bi Nukta alifungua mdomo akanushe, na neno likamkwama. Maana alikumbuka. Alikumbuka bega lilivyokuwa likitetemeka chini ya kiganja chake. Alikumbuka na alivyowaza: msiba unamsemesha, haya hayamo kwenye kesi. Maelezo yalitoka ukurasa mmoja na nusu, hayana kiraka. Mwendesha mashtaka aliyasifu. Mungu wangu, aliyasifu mbele za watu.

Akasogeza kiti karibu. "Basi njoo uyaseme kesho. Nitakufuata na gari mwenyewe."

"Siendi."

"Kuna mtu gerezani..."

"Najua aliko. Mama yake amekuja hapa mara mbili, nikawaambia watoto waseme sipo. Unadhani nalala?" Mjane aliufuta uso kwa kitambaa alichokuwa akishona. "Siku ile niliyasema kwa kuwa sikujua maana yake. Kesi ilipofika mahakamani ndipo nilipojua. Kama si saa tisa, basi ni kabla ya saa nane. Na kabla ya saa nane alikuwa na nani? Usinijibu. Yule ni tumbo moja na mimi. Analea wanangu. Mama yetu huyo ndani hanywi hata dawa mpaka yeye amnyweshe. Nimeshamzika mume, niende nikamzike na ndugu yangu akiwa hai? Watoto niwaambie nini?"

"Kwamba baba yao aliuawa na nani."

"Toka, dada," alisema mjane, lakini kwa upole. "Ukinipeleka kwa nguvu nitasema sikumbuki. Karatasi yako itaniunga mkono. Niliisoma kabla ya kutia sahihi. Haina saa mbovu ndani yake."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia bwana mnene amebeba mikate miwili, na watoto wakatoka uani mbio kumlaki: mjomba, mjomba! Alipomwona mgeni alicheka, akanyoosha mkono wenye saa.

"Afande wetu! Umekuja kuiona? Sikiliza." Akamwekea sikioni kabla hajakwepa. Ilikuwa ikipiga kwa upole na haraka, bila kukosea. "Kama mpya. Yule mzee ana mikono ya malaika."

"Kabla ya kumpelekea, uliitia mafuta?"

Bwana alimtupia dada yake jicho, mara moja tu. "Ndiyo, nilitia kidogo."

"Mafuta gani?"

"Ya kula."

Cherehani ilikuwa kimya. Mjane hakuinua uso. Bwana akaangaza macho chumbani, akakiona kichupa, akacheka tena. "Ya kula au ya cherehani, nani anakumbuka? Haya, watoto, chukueni mkate."

Bi Nukta alijua alichokisikia: mtu huyu hakutia mafuta yoyote. Alijua vilevile kwamba hakuna aliyekisikia isipokuwa yeye na dada wa bwana huyo.

Aliandika ndani ya gari, karatasi ikiwa juu ya usukani. Aliandika aliyoambiwa na mjane miaka miwili iliyopita, neno kwa neno, na kwamba hakuyaandika wakati ule, na kwamba kosa ni lake. Akatia sahihi. Akampigia wakili wa serikali akamsomea.

"Umemaliza?" aliuliza wakili.

"Nimemaliza."

"Mjane atakubali?"

"Atakana."

"Fundi ana chuma hata kimoja?"

"Hana."

Wakili hakuwa mtu mbaya. "Nitaiwasilisha, maana sheria inanitaka. Ila usijidanganye, dada yangu. Ni neno lako la leo dhidi ya karatasi yenye sahihi yako ya siku ile. Majaji wataamini karatasi. Kazi utapoteza, na kijana hatatoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Iwasilishe," alisema Bi Nukta.

Saa kumi jioni alikuwa gerezani, chumba cha wageni, meza moja na benchi mbili zilizofungwa kwa bolti sakafuni. Mrefu aliletwa na askari magereza. Alikuwa amekonda hata jina lake la utani lilizidi kumfaa. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza kama alivyofundishwa humo ndani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia..."

"Samahani, afande. Niache nitangulie mimi, kesho huenda nisipate nafasi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Mahakamani niliapa sikulala. Niliapa uongo. Nilipopokea ufunguo tu niliegemea ukuta, usingizi ukanichukua hadi saa kumi na moja. Niliogopa kusema, maana kofi lile lilikuwa la usingizi, wangesema ndiyo sababu. Lakini si hilo linaloniua. Nasikia anaita, afande. Kila nikifumba macho namsikia bosi ananiita kutoka tangini, hatua ishirini, na mimi nimelala. Ningekuwa macho ningemtoa. Kifungo hiki nimeshakikubali, ni cha haki. Sikumpiga, lakini nilimwacha afe."

"Hakukuita," alisema Bi Nukta.

"Unajuaje?"

"Saa yake ilikuwa mbovu, ilisimama miezi mitatu kabla. Ulipopokea ufunguo bosi wako alikuwa ameshakufa."

Mrefu aliinua macho. "Kabla sijafika?"

"Kabla hujafika."

"Kwa hiyo hata ningekuwa macho..."

"Hata ungekuwa macho."

Kijana aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza, mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, bila haya, kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani. Askari magereza akageukia ukutani. Alipoinua uso alikuwa akicheka na machozi yanatiririka.

"Ahsante, mama. Ahsante sana. Mungu akulipe."

"Usinishukuru. Sikiliza. Haya niliambiwa siku ile ile, mimi, kwa masikio yangu. Sikuyaandika. Ndiyo maana uko hapa."

Lakini hakuwa akimsikia. Alikuwa akifuta uso kwa viganja vyote viwili, akitikisa kichwa. "Alikuwa ameshakufa. Jamani! Alikuwa ameshakufa. Kesho utawaambia hivyo?"

"Kesho nitawaambia," alisema Bi Nukta. Kwamba majaji hawatamwamini, hilo lilimshinda kusema.

Askari alimgusa kijana bega, muda umekwisha. Mrefu alisimama, akainama kumuaga kwa heshima, akatangulia mlangoni mwenyewe. Bi Nukta alimsikia akimwambia askari huko koridoni, kwa sauti ya mtu anayekwenda nyumbani:

"Umesikia, afande? Hakuniita. Mimi nilikuwa nimelala tu."